Mpangaji Akihama Akajenga Kwake

Chama tawala cha TANU kilipitisha mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulilala kwa sehemu kubwa miaka arobaini na ushee, hadi Rais Magufuli alipouamsha mwaka 2016, na safari hii watu walihama kweli. Kwa sisi wathamini wa majengo lilikuwa somo adimu, kwa sababu mpangaji mkubwa kuliko wote jijini Dar es Salaam, yaani serikali, alikuwa anafunga virago.

Aliyeumia kwanza hakuwa mwenye ghorofa. Mama lishe wa Kivukoni hana mkataba na mtu. Makarani wasipotokea Jumatatu, wali wa Jumatatu umelala. Na tena watumishi ni sehemu tu ya biashara inayozunguka wizara. Kuna mwalimu aliyetoka Sumbawanga kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake, ambaye anatafuta gesti Kariakoo, anapiga picha za pasipoti, anatoa nakala tano za barua kwenye duka la stesheneri, anaambiwa arudi kesho, analala tena. Usumbufu wake ni mapato ya watu wanne au watano. Jalada lake likipelekwa Dodoma, naye analifuata huko.

Kwa mwenye jengo mambo huenda polepole zaidi, na kwa namna inayowashangaza wengi. Ghorofa nzima inakaa tupu miaka miwili, lakini ukiuliza bei ya mita ya mraba unatajiwa ileile ya zamani. Watu hudhani ni kiburi, kumbe ni hesabu. Jengo la kupangisha huthaminiwa kwa kodi linayoingiza. Chukua jengo lenye pato halisi la shilingi bilioni 1 kwa mwaka: mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 10 atalipia bilioni 10. Shusha kodi kwa kiasi cha kupunguza pato hilo kwa moja ya tano, na thamani inashuka hadi bilioni 8. Kama benki ilikukopesha bilioni 7 kwa dhamana ya jengo hilo, simu itaanza kuita. Ndiyo maana mwenye jengo huacha bei ya kwenye karatasi kama ilivyo, halafu chini ya meza anampa mpangaji mpya miezi mitatu ya bure au anamgharamia kugawa vyumba. Anayetaka kujua hali ya soko asiulize bei inayotangazwa. Aulize mpangaji wa mwisho alipewa nini.

Majengo ya wizara zenyewe kule Magogoni na Kivukoni mengi ni ya serikali. Machungu yalikuwa kwenye majengo ya kupangisha, na yaliongezwa na agizo kwamba taasisi za umma zipange kwenye majengo ya umma. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF na PPF ikiwemo, ikaunganishwa kuwa PSSSF, makao makuu Dodoma. Hao walikuwa miongoni mwa wenye minara mikubwa ya Dar, kwa hiyo mwenye nyumba naye alikuwa anahama.

Hata hivyo Dar haikuanguka. Bandari iko palepale, balozi nyingi hazikuhama, na benki kubwa kama CRDB na NMB zimebaki na makao yao makuu humo. Ndivyo ilivyokuwa Marekani pia: kampuni ya ndege ya Boeing ilipohamisha makao makuu kutoka Seattle kwenda Chicago mwaka 2001, waliohusika walikuwa watu kama 500 tu. Viwanda vya ndege vilibaki Everett na Renton. Mwaka 2022 makao hayo yakahamia Arlington, Virginia, na Chicago nayo haikutikisika sana.

Sasa, je, kodi iliyopotea Posta, katikati ya Dar, ilikwenda Dodoma? Kwa ofisi, sehemu kubwa haikwenda popote. Wizara zilianza kwa kujibanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha zikahamia Mtumba, nje ya mji kwenye barabara ya Dar, katika majengo ambayo serikali ilijijengea. Mtu aliyejenga ghorofa la ofisi Dodoma mjini akingoja wizara ije kupanga alisoma gazeti nusu. Waliosoma lote walijenga vyumba vya kuishi Kisasa, Nzuguni na Ihumwa, au gesti, ambazo awali zilitegemea msimu wa Bunge. Lingine lisilosemwa sana ni kuvunjwa mwaka 2017 kwa CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyosimamia ardhi ya Dodoma, pale umiliki wa ardhi wa miaka 33 ulipofanywa 99. Kwa maoni yangu hilo liliwafaa wenye viwanja kuliko hotuba zote za kuhamia, maana benki hukopesha kwa kuangalia miaka iliyobaki kwenye hati.

Tangu Julai 2024 treni ya SGR ya kutoka Dar inafika Dodoma. Mwanasheria mwenye ofisi yake Posta anaweza kupanda asubuhi, akaingia kikaoni Mtumba, akarudi kulala kwake Mbezi. Wenye gesti za Dodoma hawaifurahii sana ratiba hiyo, na madalali wa Posta wameanza kuitaja wanapomwonyesha mteja ofisi.