Gari la magurudumu manne: jua unacholipia

KILA masika yanapokaribia, wafanyabiashara wanaofuata mazao vijijini huulizia magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mengi kati ya yale yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam ni yaliyokwishatumika Japani, na mnunuzi huongeza fedha kwa ajili ya mkono mmoja mdogo wa gia. Hasara huanza pale anapolipia mkono huo bila kujua kazi yake.

Magari haya hayafanani. Katika aina ya kwanza, kama Suzuki Escudo ya kwanza iliyotoka mwaka 1988, gari kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma (2H). Dereva akiweka 4H, giaboksi ndogo hufunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja. Aina ya pili huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, kwa kuwa ina difu ya katikati inayoziruhusu propela kuachana kasi. Land Cruiser nyingi za toleo la 80, lililoanza mwaka 1990, ziko hivyo.

Tofauti hiyo ni ya fedha. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo, na mvutano ukaisha. Kwenye lami kavu hakuna kuteleza, hivyo mvutano wote huingia kwenye propela, difu na giaboksi ndogo. Usukani huwa mzito, gari hushika kana kwamba limefungwa breki, na mkono wa gia hukataa kutoka 4H. Dereva asiulazimishe. Arudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha ajaribu tena.

Kwa hiyo mwenye gari la aina ya kwanza aweke 4H barabara inapoanza kuteleza, kabla hajazama, na aitoe mara anapofika lami. Mwenye aina ya pili asifunge difu ya katikati kwenye lami. Gia ya 4L ni ya kupanda na kushuka milima mikali au kujinasua. Huwekwa gari likiwa limesimama, na si ya mwendo kasi. Ikumbukwe pia kuwa magurudumu manne husaidia kuvuta, lakini hayafupishi umbali wa kufunga breki.

Ikiwa taa ya 4H inawaka lakini magurudumu ya mbele hayavuti, usikimbilie kufungua giaboksi. Baadhi ya magari yana loki za kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele, na mara nyingine tatizo ni kwamba zimesahauliwa wazi. Taa ikipepesa bila kutulia, kagua kwanza swichi, nyaya na, kwa magari yanayotumia mipira ya hewa kuunganisha difu ya mbele, kama mipira hiyo haijapasuka. Vitu hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na giaboksi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kulijaribu gari kwenye barabara ya vumbi au changarawe, si kwenye lami ya muuzaji. Aingize 4H, kisha 4L, asikilize kama kuna mgongano wa vyuma. Fundi afungue nati ya oili ya giaboksi ndogo na ya difu zote mbili. Vipande vya chuma ndani ya oili ni sababu tosha ya kuteremsha bei au kuondoka. Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo mvutano ule wa kwenye kona utakuwapo hata gari likienda moja kwa moja.

Baada ya kununua, 4H itumike walau mara moja kwa mwezi kwa kilomita chache za vumbi ili oili izunguke. Mfumo uliokaa kiangazi kizima bila kuguswa unaweza kugoma siku ya mvua, shehena ikiwa tayari imepakiwa na mteja anasubiri mjini.