Mafunjo na Maji ya Kunywa

Maji machafu ya jiji la Kampala, yatokayo majumbani, sokoni na viwandani, huteremka kwa mfereji wa Nakivubo kuelekea Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Na katika ghuba iyo hiyo, upande wa Ggaba, masafa ya kilomita chache tu, ndipo jiji linapovuta sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Baina ya uchafu huo na mabomba pana kinamasi, na humo huota mafunjo, mmea usiopandwa na mtu wala kupaliliwa, nao tangu zama umekuwa mfano wa tabibu asiyedai ujira.

Mafunjo, ambayo Wamisri wa kale waliyafanyia karatasi, ni jamaa ya ndago zinazowasumbua wakulima, ila shina lake la pembe tatu hufikia mita 4 hata 5, na mizizi yake hufumana ikawa tabaka nene lenye kuelea juu ya maji. Maji yakipita hapo hupungua kasi, na tope hutuama pamoja na vijidudu vingi vya maradhi vilivyoganda nalo. Fauka ya hayo, shina lina kiini chepesi chenye vijitundu, ambamo hewa hushuka hadi mizizini. Hapo bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza amonia ya kinyesi kuwa naitreti, na wengine, waishio topeni pasipo hewa, huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ya nitrojeni, ikarejea angani ilikotoka. Ama fosforasi, sehemu yake hunyonywa na mmea na sehemu hushikwa na tope.

Madini hayo yakifika ziwani kwa wingi hustawisha kile kiitwacho mwani wa kijani-buluu, ambao kwa hakika ni bakteria, na baadhi yao hutoa sumu yenye kudhuru ini. Mama wa nyumbani na ajue, kwani jambo hili ni zito: kuchemsha maji huua vijidudu vya homa ya matumbo na kuhara damu, lakini sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni.

Sehemu kubwa ya kinamasi hicho cha Nakivubo imekwisha kufyekwa na kupandwa magimbi, na maji, yakichimbiwa mifereji, hupita mbio bila ya kusafishwa ipasavyo. Siwalaumu wenye kulima kwa dhiki. Lakini haifai kudhani kwamba kila kijani ni sawa na mafunjo, wala kwamba kinamasi, hata kikiwa kizima, chaweza kubeba peke yake uchafu wa jiji linalokua, bila ya mitambo ya kusafishia majitaka. Ama ukataji wa mafunjo kwa ajili ya mikeka na mapaa hauna madhara ukifanywa kwa kiasi, kwani shina likikatwa na mizizi ikaachwa huchipua na kukomaa katika muda wa mwaka mmoja hivi, na kila mzigo utolewao kinamasini huondoka na sehemu ya nitrojeni na fosforasi iliyokuwa njiani kwenda ziwani.