Sarafu ya Katanga kwa macho ya mtu wa Ruzizi

Mtu wa Luvungi hahitaji kufundishwa kwamba feza ni makubaliano ya watu kabla ya kuwa amri ya serikali. Mji huu uko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Bukavu, na Burundi iko ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola hupita mikono ileile. Mama anayeuza unga wa muhogo hupokea noti ya Kongo iliyochakaa ikawa laini kama kitambaa, lakini dola yenye mpasuko mdogo pembeni ataigeuzageuza kwenye mwanga, kisha airudishe. Hakuna sheria iliyomtuma. Ni desturi ya soko, na ndiyo kipimo ninachoona kinafaa kwa sarafu za nchi zilizojitenga zikadumu muda mfupi, hasa hizi za Katanga ambazo wakusanyaji wa mbali huzitafuta.

Moïse Tshombe alitangaza jimbo la Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo. Alikuwa na askari, wasaidizi wa Kibelgiji, kodi za kampuni ya madini ya Union Minière na benki yake ya taifa. Mwaka 1961 zikatoka sarafu za bronzi za faranga 1 na faranga 5, na chache za faranga 5 zikapigwa kwa dhahabu: upande mmoja mkungu wa ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Hakuna nchi iliyoitambua rasmi, na Januari 1963 ikawa imekwisha. Lakini msalaba ule haukuanza na Tshombe. Katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya Mbelgiji wa kwanza. Ya zamani mikubwa, ya baadaye midogo na inayolingana, dalili kwamba kitu cha heshima kilikuwa kinageuka feza ya kuhesabu. Misalaba hiyo ilitumika kulipa mahari pia. Kwetu huku kwenye ziwa Tanganyika, soko la Ujiji la karne ya 19 lilihesabu kwa shanga za sofi, vijineli vilivyotungwa kwenye uzi, bila benki yoyote nyuma yake.

Mtu atasema Katanga iliangushwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa, si na udhaifu wa sarafu yake. Ni kweli, na msalaba nao uliondolewa sokoni na feza ya mkoloni. Hata hivyo Tshombe alipotaka kuaminiwa alilazimika kuuazima, akauweka kwenye sarafu na kwenye bendera pia. Tena ona yaliyotokea jimbo la Kasai: Rais Mobutu alipoleta feza ya zaire mpya mwaka 1993, moja kwa milioni tatu za zamani, watu wa huko waliikataa, wakaendelea na noti ambazo serikali ilikwisha kuziua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutunza sarafu ya utengano ni kuutukuza, na Kivu ya Kusini imeumizwa mno na vita hata ichezee jambo hilo. Hofu hiyo naiheshimu. Ila hatari iko katika sarafu inayokaa peke yake kwenye kisanduku cha mkusanyaji, kwa kuwa hapo husimulia bendera na mtawala tu. Iwekwe kando ya msalaba wa shaba, uzi wa shanga na noti ya zaire, na chini yake paandikwe kile ambacho wazee wanaweza bado kutueleza: ilinunua chumvi kiasi gani, na ni mahari ya nani ilikubaliwa au kukataliwa kwayo.