Mafunzo ya Daktari wa Upandikizaji wa Viungo vya Tumbo: Kutoka Itaka hadi Chumba cha Upasuaji

Itaka ni kata ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, katika nyanda zinazolima kahawa. Mwanafunzi wa hapo anayekusudia kupandikiza viungo vya tumbo, yaani figo, ini na kongosho, huanza na tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha tano. Baada ya miaka hiyo 2 hufuata miaka 5 ya shahada ya udaktari na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Akipitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, upasuaji wa jumla humchukua miaka mingine 5. Ubingwa bobezi wa upandikizaji, ambao Marekani huchukua miaka 2, huja mwisho. Jumla ni miaka 15 tangu kidato cha nne, achilia mbali ile ya kusubiri ufadhili.

Hata hivyo, kikwazo kikuu si urefu wa masomo, bali idadi ya upasuaji anaoupata mwanafunzi. Kuunga ateri ya figo na ile ya nyonga, kisha kupachika mrija wa mkojo kwenye kibofu, ni kazi ya mkono. Haijifunzwi vitabuni, na mkono usioirudia huisahau. Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, kwa ushirikiano na wataalamu wa Hospitali ya BLK ya India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata Machi 2018 ikishirikiana na wataalamu wa Japani. Awali wagonjwa walipelekwa India. Ushirikiano wa namna hiyo ni darasa lenyewe: mgeni huongoza na mwenyeji husaidia, kisha nafasi hubadilishwa.

Figo hizo hutolewa na watu walio hai, kwa kawaida ndugu wa mgonjwa. Jambo hili huongeza uzito wa mafunzo, kwani mezani hulazwa pia mtu mwenye afya asiyehitaji kupasuliwa. Kosa la mwanagenzi kwake halina utetezi.

Aliyefuzu ng'ambo kupandikiza ini, upasuaji ambao Thomas Starzl aliujaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza Denver mwaka 1963, hurejea mahali ambapo kazi iliyojengeka ni ya figo. Sehemu ya ujuzi wake hulala.

Mgonjwa wa Itaka naye, akishapandikizwa, hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili maisha yake yote, na Dodoma ni mbali. Daktari wake hulazimika kumwelekeza tabibu wa wilayani namna ya kusoma vipimo vya damu, na dalili ipi haiwezi kusubiri safari ijayo.