Tafuta Kifungu Kwenye Mkataba kwa Sekunde, Hata Bila Bando

Unafunga hesabu za siku, halafu barua inaingia: mwenye jengo anataka uhame. Mkataba unao, lakini umejificha kati ya PDF kibao za duka, mkopo na wasambazaji. Ukianza kufungua moja moja, utakesha.

Kuna njia rahisi. Pakua DocFetcher, programu ya bure ya kompyuta. Weka mikataba yote kwenye folda moja, kisha uiagize programu iisome. Itatengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, ila hii ni ya kila neno. Baadaye ukiandika neno, inakuonyesha faili zote zenye neno hilo na mahali lilipo. Intaneti ni ya kupakua tu. Kutafuta kunafanyika ndani ya mashine yako, kwa hivyo bei zako na siri za wateja hazitumwi popote.

Utafute nini? Mikataba mingi hapa Kenya ni ya Kiingereza, basi tafuta kwa Kiingereza. Andika terminat* na nyota yake, upate "terminate" na "termination" kwa pamoja. Kisha jaribu "notice", "renewal", "deposit" na "penalty".

Neno moja linaweza kuokoa duka. Chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, mpangaji wa duka ambaye mkataba wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, analindwa. Mwenye jengo lazima atoe notisi rasmi ya angalau miezi 2, nawe unaweza kuipinga mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara kabla muda huo kuisha. Ndiyo maana mikataba mingi huandikwa miaka 5 na miezi 3! Lakini hata huo unaweza kulindwa, ikiwa una kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 bila yeyote kukosea. Kifungu hicho ndicho terminat* itakutolea.

Kabla ya kuanza, zingatia haya:

1. Mkataba uliopigwa picha au kuskaniwa ni picha tu, programu haioni maneno. Upitishe kwanza kwenye programu ya kusoma maandishi kwenye picha, kama Tesseract. Nayo ni ya bure na haihitaji bando.

2. Usipopata neno, usiseme kifungu hakipo. Huenda wameandika "vacate" au "determine" badala ya "terminate".

3. Usiweke PIN yako kwenye folda hiyo. Unachokipata wewe kwa sekunde, mwizi pia atakipata kwa sekunde.

Ukipata kifungu, soma ukurasa wote, kisha umwonyeshe wakili. Programu inakufikisha mlangoni. Kusoma ni kazi yako, na ushauri ni wa wakili.