Usikate Mrija wa Kulishia Mgonjwa



Siku moja kijana mmoja kutoka kijiji cha wachimbaji alifika zahanati yetu. Alikuwa amempakia mama yake kwenye baiskeli. Mama huyo alikuwa na saratani ya umio. Umio ni njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Hakuweza kumeza hata maji. Hospitalini alitobolewa tundu dogo tumboni akawekewa mrija. Nyumbani mwanawe alimlisha uji na maziwa kwa mrija huo.

Bomba lake la kulishia lilipasuka. Kijana akanunua jingine mjini, lakini halikuingia kwenye mrija. Alilazimisha, likakataa. Basi akakata ncha ya mrija kwa wembe, akaunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Uji ukamwagika kitandani. Mama akakaa siku mbili karibu na njaa.

"Mganga, nilidhani bomba ni bovu," aliniambia.

Bomba halikuwa bovu. Midomo ya vifaa hivi imebadilishwa. Yafaa kila anayemlisha mgonjwa kwa mrija ajue habari hii.

KWA NINI MIDOMO IMEBADILISHWA?

Zamani midomo ya mirija mingi ya hospitali ilifanana. Mrija wa chakula uliweza kuunganishwa na mrija wa dripu kwa makosa. Chakula kikiingia katika mshipa wa damu huweza kuua. Mwaka 2009, katika mji wa Madrid, Hispania, mtoto mchanga alikufa hospitalini. Maziwa yaliyotakiwa kwenda tumboni yalikuwa yameingizwa katika mshipa wake wa damu.

Ajali za namna hiyo zilitokea katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kipimo kipya cha midomo ya vifaa vya kulishia. Mdomo huo haukubali kuungana na dripu wala sindano. Fikiri nati ya baiskeli na bolti ya lori. Hata ukitumia nguvu haziingiani. Hapa, kutoingiana huko ndiko kunakookoa maisha.

Lakini vifaa vya zamani havikuondoka vyote siku moja. Mgonjwa aweza kuwa na mrija wa zamani, nawe ukapata bomba jipya. Hapo ndipo taabu inapoanza.

TAMBUA TOFAUTI

Bomba la zamani lina mdomo mrefu, laini, unaopungua unene kuelekea nchani. Unausukuma ndani ya mrija.

Bomba jipya lina mdomo mfupi, wenye mistari ya kuzungushia kama mdomo wa chupa ya plastiki. Hapa mambo yamegeuka. Mdomo wa mrija ndio unaoingia ndani ya mdomo wa bomba. Kisha unazungusha mpaka vishikane.

UFANYE NINI?

1. Kabla ya kutoka hospitali, mwambie muuguzi akuonyeshe. Kisha mlishe mgonjwa wewe mwenyewe mbele yake.

2. Omba bomba la akiba linaloingiana na mrija wa mgonjwa wako. Ukienda kununua jingine, chukua bomba la zamani kama mfano.

3. Kama mrija ni wa zamani na bomba ni jipya, uliza kiungio cha kati. Ni kipande kidogo kilichotengenezwa kuunganisha vifaa hivyo viwili. Kama hakipo, tafuta bomba la aina ya zamani.

4. Usikate mrija. Usiunge kwa mpira, uzi wala gundi.

5. Kaza mdomo mpya kwa vidole tu. Ukikaza mno, hautafunguka.

6. Osha mistari ya mdomo mpya kila baada ya kulisha. Uji na maziwa hujificha humo na kuoza. Tumia kiburashi kidogo safi na maji ya moto kiasi.

MRIJA WENYE MIDOMO MIWILI

Mirija mingine ya tumboni ina midomo miwili. Mkubwa ni wa chakula. Mdogo ni wa puto dogo lililo tumboni, linalozuia mrija usichomoke. Usitie kitu chochote katika mdomo mdogo. Mwombe muuguzi aufunge kitambaa cha rangi ili usikosee usiku.

WAKATI WA KULISHA

Nawa mikono kwa sabuni. Mwinue mgonjwa kichwa na kifua, aketi au aegemee mito. Chuja uji usiwe na mabonge. Pitisha maji yaliyochemshwa na kupoa kabla ya chakula na baada yake, ili mrija usizibe. Kwa mtoto mdogo, uliza hospitali kiasi cha maji. Baada ya kulisha, mgonjwa abaki ameinuka kwa nusu saa mpaka saa moja.

Kama mrija umepita puani, tazama alama yake puani kila mara kabla ya kulisha. Ikiwa alama imesogea, usilishe. Nenda kituo cha afya.

HATARI

Mgonjwa akikohoa sana au kupumua kwa shida, acha kulisha mara moja na umpeleke kituo cha afya. Mrija wa tumboni ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Funika tundu kwa kitambaa safi, chukua mrija, uende hospitali siku hiyo hiyo. Tundu huweza kuanza kuziba kwa muda wa saa chache.

Jambo moja zaidi kwa ndugu zetu wa machimboni. Kostiki inayotumika kuchenjulia dhahabu na kutengeneza sabuni huunguza umio. Mtoto akiinywa, huenda akalishwa kwa mrija. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji.

Yule mama tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alibadilishiwa mrija, akapewa bomba linaloingiana nao. Jioni alipata uji wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mdomo mpya hauingii kwenye dripu?
2. Ufanye nini kama bomba ulilonunua haliingii kwenye mrija?
3. Katika kijiji chako, kostiki huwekwa wapi?