Kwa Nini Maji Yamepinda?

Kila siku twateka maji, twapika, twafua, wala hatujiulizi yana umbo gani. Molekuli ya maji, yaani chembe yake ndogo, ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Je, zimepangwa katika mstari ulionyoka? Sivyo. Zimepinda kama kiwiko cha mkono, kwa pembe ya digrii 104.5.

Sababu ni nini? Atomu huungana kwa elektroni zikaazo mbili mbili. Elektroni zote zina umeme wa namna moja, na umeme wa namna moja husukumana. Basi kila jozi hujitenga na nyingine kadiri iwezekanavyo. Mwaka 1957 wataalamu Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wa University College, London, waliipanga kanuni hiyo vizuri.

Tuangalie methani, gesi iliyo nyingi vilindini mwa Ziwa Kivu. Kaboni yake ina jozi nne, kila moja imeshika haidrojeni. Zikigawana nafasi sawasawa, pembe huwa digrii 109.5: tatu hukaa kama miguu ya kigoda, ya nne husimama juu. Amonia nayo ina jozi nne, lakini moja haikushika atomu. Jozi pweke ya namna hiyo hutanda zaidi na kuzisonga nyingine. Pembe hupungua kuwa 107. Maji yana jozi pweke mbili, nayo pembe huzidi kubanwa.

Huenda msomaji akasema: «Digrii hizo zanifaa nini?» Zakufaa sana. Kwa kuwa molekuli ya maji imepinda, upande wa oksijeni una umeme hasi kidogo, na upande wa haidrojeni umeme chanya kidogo; hivyo molekuli huvutana na kushikana. Molekuli ya hewa ya ukaa imenyoka, na mivuto yake hufutana. Ndiyo hewa ile ijikusanyayo katika mabonde karibu na Goma, iitwayo mazuku, iuayo watu na mifugo. Kama maji yangalinyoka vivyo hivyo, yangalikuwa hewa tu: mito ingalikauka, wala damu isingaliweza kuchukua chumvi mwilini.

Enyi wazazi, mtoto akiuliza chumvi yaendaje majini, msimfukuze jikoni. Mwonyesheni kiwiko chake, mwanze hapo.